Bila Viza Si Bila Hati: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuvuka Horohoro

Barua zilizotufikia msimu huu wa harusi na likizo za shule zinazunguka jambo moja: mtu wa Tanga anahitaji nini ili aingie Kenya kwa kupitia Horohoro na Lunga Lunga? Kutoka Tanga mjini hadi mpakani ni kilomita 65 za lami, na aliyeondoka stendi ya Kange asubuhi anaweza kula chakula cha mchana Ukunda. Ukaribu huo ndio unaowafanya watu waondoke nyumbani kama wanaokwenda Muheza, kisha wakwame mbele ya dirisha la uhamiaji wakiwa na mizigo ya harusi mikononi. Nimechagua barua saba na kuzifupisha. Nyingine zimehitaji maelezo marefu, na nyingine zimemalizika kwa maneno machache.

Swali. Assalamu alaykum, Bi. Mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Moa, wilaya ya Mkinga, na sasa ninaishi Makorora. Mdogo wangu aliolewa Msambweni, na mwezi ujao anamwoza binti yake. Shemeji yangu anasema wao huenda Uganda na kurudi kwa kitambulisho cha taifa peke yake, kwa hiyo na mimi nije na kitambulisho changu cha NIDA, kwa kuwa sote ni Afrika Mashariki. Mume wangu anasema bila pasipoti sivuki. Nani anasema kweli?
*Mama wa Makorora*

Jibu. Wa alaykumu salaam, mama, na hongera kwa shughuli. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anaeleza hali ya nchi yake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza, kutembea humo na kutoka apendapo. Itifaki hiyohiyo, hata hivyo, inamtaka msafiri awe na hati halali ya kusafiria, na inaziruhusu nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa mahali pa pasipoti kufanya hivyo baina yao. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu 2014 raia wao wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho. Tanzania haimo katika makubaliano hayo. Kwa hiyo shemeji yako akienda Kampala na kitambulisho chake yuko sawa, lakini wewe ukifika Lunga Lunga na kitambulisho cha NIDA peke yake huna hati ya safari, hata kama jina lako na la mdogo wako ni la ukoo mmoja.

Ninajua kwamba jibu hili linawauma watu wa mwambao wetu, nami linaniuma. Mstari huu ulichorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi, wakauanzisha kwenye mlango wa mto Umba na kuupeleka hadi ziwa Jipe, na hakuna Mdigo wala Msegeju aliyeulizwa. Watu wa Moa na Jasini wana ndugu zao Vanga hadi leo, wanaoana na kuzikana. Lakini ofisa aliye dirishani hawezi kuusoma ukoo, anasoma hati.

Hati zenyewe kwa raia wa kawaida ni mbili. Ya kwanza ni pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018. Pasipoti ya kawaida hudumu miaka 10, na ada yake ni shilingi 150,000, ambazo hulipwa kwa mafungu mawili: 20,000 za fomu na 130,000 za pasipoti yenyewe. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, kisha mwombaji hufika ofisini na fomu aliyoichapisha kwa ajili ya kuchukuliwa alama za vidole. Andaa kitambulisho au namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa cha mzazi wako mmoja, au hati ya kiapo ikiwa mzazi hakuwahi kuwa na cheti. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, hasa wenye wazazi waliozaliwa vijijini kabla ya Uhuru. Usingoje hadi wiki ya harusi ndipo uanze kutafuta kiapo cha marehemu baba. Kagua pia herufi za majina katika vyeti vyote. Mwanahamisi wa cheti cha kuzaliwa na Mwanakhamis wa kitambulisho cha NIDA ni watu wawili machoni pa mashine, na kurekebisha jina huchukua muda mrefu kuliko kupata pasipoti yenyewe.

Hati ya pili ni Hati ya Dharura ya Safari. Hii hutolewa kwa raia mwenye safari ya karibu ambaye hana pasipoti, ni nafuu kwa bei, na inakubalika ndani ya nchi za Jumuiya. Muda wake ni mfupi, kwa hiyo isome tarehe ya mwisho kabla ya kuondoka. Ikiwa harusi ni mwezi ujao na vyeti vya wazazi bado unavitafuta, nenda Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa ukaulizie hati hii, kisha pasipoti uishughulikie kwa utulivu baada ya shughuli.

Jambo jingine, mama. Kuna watu watakaokuambia kwamba Kenya siku hizi inamtaka kila mgeni aombe kibali mtandaoni kabla ya safari. Ni kweli kwamba Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni wote na kuweka mahali pake idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ile ambayo watu huiita eTA. Raia wa nchi za Jumuiya wamesamehewa idhini hiyo. Mtu yeyote, awe wakala wa stendi au tovuti yenye bendera ya Kenya juu yake, akikudai dola ili akuombee eTA wewe Mtanzania, anakuibia.

Swali. Shikamoo, Bi. Mshauri. Ninasafiri kwenda Mombasa kwa basi kwa mara ya kwanza. Rafiki yangu ameniambia kwamba mpakani si lazima nishuke, kwani kondakta hukusanya pasipoti za abiria wote na kuzirudisha zikiwa zimegongwa muhuri. Je, nimwachie?
*Kijana wa Chumbageni*

Jibu. Marahaba, mwanangu. Usimwachie. Shuka, panga foleni, na uusimamie muhuri wako hadi uuone kwa macho yako.

Nitakueleza kwa nini ninalisema hili kwa mkazo. Niliwahi kurudi kutoka Likoni, nilikokwenda kumzika shangazi yangu. Wakati wa kwenda, utingo wa basi nililopanda alizichukua pasipoti zetu zote kwa mkupuo, akatuambia tukae tu, kina mama wazee tusisumbuke. Alizirudisha baada ya muda mfupi nami nikaitia yangu katika mkoba bila kuifungua. Siku ya kurudi, ofisa wa Kenya aliipekua ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza niliingia lini na kwa njia gani. Muhuri wa kutoka Tanzania haukuwemo, na wa kuingia Kenya haukuwemo. Kwa mujibu wa karatasi nilikuwa mtu aliyepita njia za panya, na basi langu lilikuwa linapiga honi nje. Kilichoniokoa ni tiketi ya kwenda, ambayo kwa bahati sikuitupa, pamoja na ofisa aliyekuwa na subira ya kunisikiliza mtu mzima nikieleza kilio changu. Si kila msafiri atampata ofisa wa namna ile, na kisheria hakulazimika kunisikiliza.

Utaratibu wa mpaka huu umerahisishwa sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kuukimbia. Horohoro na Lunga Lunga ni kituo cha huduma za pamoja mpakani. Zamani ulishuka upande wa Tanzania ukagonga muhuri wa kutoka, ukapanda tena, ukashuka upande wa Kenya ukagonga wa kuingia. Chini ya mfumo wa sasa, maofisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja katika nchi unayoingia. Ukienda Kenya unakamilisha yote Lunga Lunga: dirisha la Tanzania linakutoa, na dirisha la Kenya, hatua chache mbele, linakuingiza. Ukirudi unakamilisha yote Horohoro. Kosa la wageni wa utaratibu huu ni kudhani kwamba wakishapata muhuri mmoja wamemaliza. Hesabu mihuri miwili kila safari.

Ukishagongewa, usome muhuri kabla ya kuondoka dirishani. Kwa kanuni za Soko la Pamoja, raia wa Jumuiya anaweza kupewa kibali cha kukaa cha hadi miezi sita, lakini neno lenye uzito hapo ni "hadi". Ofisa atakuuliza unakwenda wapi, kwa nani, na kwa muda gani, na siku anazoandika ndizo siku zako. Ukijibu kwamba unakwenda wiki mbili kumsalimia mjomba na akakuandikia mwezi mmoja, kisha mjomba akaugua ukabaki kumwuguza, ni wajibu wako kwenda ofisi ya uhamiaji Mombasa kuomba nyongeza kabla mwezi haujaisha. Sehemu kubwa ya watu wanaopata matatizo ya kuzidisha muda hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, hawakuusoma muhuri.

Kumbuka pia kwamba kibali hicho ni cha mgeni. Ukipata kazi katika hoteli za Diani, hata ya majaribio, inabidi uombe kibali cha kazi. Usianze kazi ukasema utaomba baadaye.

Swali. Mheshimiwa Mshauri, ninatarajia kuiendesha gari yangu hadi Malindi pamoja na mke na mama mkwe. Nimeambiwa nisisahau "kadi ya njano", lakini mmoja ananielekeza hospitali na mwingine ananielekeza kampuni ya bima. Naomba ufafanuzi, maana nimechoka kuzungushwa.
*Dereva wa Raskazone*

Jibu. Waliokuelekeza wote wamekuelekeza vyema, ndugu yangu, kwa sababu kadi za njano ni mbili na hazihusiani hata kidogo. Moja ni ya mwili wako na nyingine ni ya gari.

Niianze ya mwili. Hiki ni cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya maambukizi ya ugonjwa huo, na Tanzania inawataka wasafiri wanaotoka katika nchi za namna hiyo waonyeshe cheti. Hapo utaona jambo ambalo wasafiri wengi huligundua wakiwa wamechelewa: kadi hii huulizwa zaidi wakati wa kurudi nyumbani kuliko wakati wa kwenda. Unaweza kuingia Lunga Lunga bila kuulizwa, ukatembea Malindi hadi uchoke, kisha ukasimamishwa Horohoro, nyumbani kwenu, na ofisa wa afya akitaka kuiona.

Chanjo ni moja tu. Zamani ilihesabiwa kuwa hai kwa miaka 10, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinahesabiwa kuwa hai kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama kadi ya zamani iliandikwa tarehe ya mwisho. Mtu mwenye kadi ya mwaka 2005 hahitaji kuchanjwa upya, na akiambiwa vinginevyo aulize kwa adabu kuhusu kanuni hiyo. Cheti huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa jioni ya kuamkia safari hakukusaidii kitu kwenye karatasi. Watoto walio chini ya miezi 9 hawachanjwi. Wajawazito, wenye mzio mkali wa mayai, wenye upungufu wa kinga, na watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanapaswa kuzungumza kwanza na daktari. Hapa ninamfikiria mama mkwe wako. Usimpeleke kuchanjwa kama anayepelekwa kupigwa picha ya pasipoti. Mpeleke akaonane na daktari, na akionekana kwamba chanjo haimfai, daktari amwandikie cheti cha kueleza hivyo ambacho atasafiri nacho. Anzeni kwa kuuliza Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ni kituo gani kilichoidhinishwa kuchanja na kutoa kadi, na msikubali kadi ya kununuliwa mkononi. Kadi bila chanjo humdanganya ofisa, lakini mbu haimdanganyi.

Kadi ya gari ni bima ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini iliendelea kushiriki katika mpango huu wa bima, na ndiyo maana unaweza kuipata hapahapa Tanga kwa kampuni inayokukatia bima ya kawaida. Bima yako ya Tanzania haivuki mpaka. Kadi ya njano ndiyo inayobeba dhamana yako kwa mtu mwingine utakayemgonga au kumharibia mali ukiwa Kenya, pamoja na matibabu ya dharura ya waliomo garini. Hakikisha Kenya imetajwa miongoni mwa nchi zilizokatiwa, na kwamba tarehe zinafika hadi siku ya kurudi.

Pamoja na bima, chukua kadi halisi ya gari, si kivuli chake. Kama gari limesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, au bado lina mkopo wa benki, pata barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulitoa nje ya nchi. Forodha watakupa kibali cha kuliingiza gari kwa muda, na muda huo ni wa gari na si wako. Unaweza kuwa na miezi sita mwilini na siku chache garini. Leseni yako ya udereva ya Tanzania inatambuliwa Kenya, na upande wa kuendesha ni uleule wa kushoto. Kuhusu njia, zamani hukuweza kuingia Mombasa kutoka kusini bila kupanga foleni ya kivuko cha Likoni. Sasa iko barabara ya Dongo Kundu inayozunguka kisiwa, nayo itakufaa zaidi ninyi mnaopitiliza kwenda Malindi.

Swali. Bi. Mshauri, nina mjukuu wa miaka 6 ambaye baba yake, yaani mwanangu, anafanya kazi Dodoma na mama yake yuko Mombasa. Ninataka nimpeleke akamwone mama yake. Je, mtoto mdogo hivyo anahitaji hati yake mwenyewe au nitamwandikisha kwenye yangu?
*Bibi wa Pongwe*

Jibu. Anahitaji yake, bibi. Mtoto hasafiri tena ndani ya pasipoti ya mtu mzima, hata akiwa mchanga wa wiki tatu.

Kwa kuwa wewe si mzazi, kuna karatasi mbili zaidi ambazo ningekusihi usiondoke bila kuwa nazo. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kinachoonyesha majina ya baba na mama. Ya pili ni barua ya idhini kutoka kwa baba yake, iliyothibitishwa na wakili au mahakama, inayotaja jina lako, namba ya hati yako, unakompeleka mtoto, na tarehe ya kurudi, ikiambatana na nakala ya kitambulisho cha baba. Mama naye aandike yake na aitume mapema. Maofisa wa mipakani huwatazama kwa makini watoto wanaosafiri na mtu asiye mzazi, na wana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa biashara ya kuwasafirisha watoto kwa ajili ya kazi za ndani na mambo mabaya zaidi ipo, na njia zake zinapita mipaka kama hii yetu. Ukiulizwa maswali mengi, bibi yangu, usione umevunjiwa heshima. Wanamlinda mjukuu wako, na siku nyingine watamlinda mtoto ambaye hana bibi.

Swali. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa Ngamiani. Ninataka kupeleka machungwa ya Muheza Ukunda na kurudi na bidhaa za dukani. Je, pasipoti inatosha?
*Mama wa Barabara ya 12*

Jibu. Pasipoti inakutosha wewe, dada, lakini haiyatoshi machungwa.

Kwa wafanyabiashara wa kiasi chako Jumuiya imeweka utaratibu rahisi wa biashara. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, hupewa cheti rahisi cha uasili hapohapo mpakani, na kwa cheti hicho hautozwi ushuru wa forodha. Kutotozwa ushuru wa forodha si kusamehewa kila tozo, na wala hakuondoi ukaguzi wa afya. Machungwa ni mmea, na mmea unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka kwa mamlaka yetu inayohusika, pamoja na ruhusa ya kuuingiza kutoka upande wa Kenya. Hivi vitafute kabla ya kupakia, kwa sababu machungwa hayasubiri karatasi. Nimewaona kina mama wakimwaga jasho la msimu mzima pembeni ya barabara kwa kukosa cheti ambacho wangekipata kabla ya kuchuma, na sipendi kukiona tena kisa hicho.

Angalia pia unavyofunga mzigo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na faini zinazoanzia mamilioni ya shilingi za Kenya, na Tanzania ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Tumia vikapu, matenga au viroba vinavyokubalika. Fedha taslimu zinazofikia thamani ya dola 10,000 hutangazwa kwa forodha, ingawa natumaini kwamba siku utakapobeba kiasi hicho utakuwa na karani wa kukukumbusha.

Katika kurudi, nina onyo moja kwako na kwa kila anayetumwa zawadi. Mirungi, ambayo Kenya huitwa miraa na huuzwa hadharani kihalali, hapa kwetu ni dawa ya kulevya chini ya sheria ya mwaka 2015. Ukiinunua Mombasa kwa risiti na kuivusha Horohoro, risiti hiyo inakuwa ushahidi dhidi yako. Usikubali kubeba furushi la mtu usilolifungua, hata kama aliyekupa ni jirani wa miaka 20.

Swali. Kaka yangu wa Kwale, ambaye ni raia wa Kenya, anataka kuja kututembelea Tanga kwa kitambulisho chake. Mume wa dada yangu naye, ambaye ni Mjerumani na ana kibali cha kuishi hapa Tanga, anataka kwenda naye huko. Je, sheria ni hizihizi?
*Msomaji wa Mabawa*

Jibu. Kwa kaka yako ni hizihizi. Kitambulisho cha Kenya hakimwingizi Tanzania kwa sababu ileile niliyomweleza mama wa Makorora. Aje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na uhamiaji wa kwao.

Kwa shemeji yako ni tofauti kabisa. Kibali cha kuishi Tanzania hakimfanyi kuwa raia wa Jumuiya. Yeye ataomba eTA mtandaoni kabla ya safari, alipie ada yake, na asafiri na uthibitisho mkononi. Hakikisheni pia kwamba kibali chake cha Tanzania hakiishi akiwa ng'ambo.

Swali. Bi. Mshauri, mwaka huu tulipigiwa simu usiku kwamba baba yetu mdogo amefariki Vanga na anazikwa kesho yake adhuhuri. Ndugu zangu wawili hawakuwa na hati yoyote. Walipita kwa miguu, wakazika, wakarudi. Hawakukamatwa, lakini mmoja wao bado ana wasiwasi. Tungefanya nini?
*Ndugu wa Duga*

Jibu. Poleni sana, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Barua hii niliisoma mara tatu kabla ya kuandika, kwa sababu sioni mtu wa pwani yetu ambaye angelala kitandani baba yake mdogo akizikwa mwendo wa saa chache kutoka kwake.

Hata hivyo siwezi kusema walifanya vyema. Kuvuka nje ya kituo ni kosa katika sheria za nchi zote mbili, na hatari yake haiishii kwenye kukamatwa. Mtu asiye na muhuri hayupo kisheria mahali alipo. Akigongwa na pikipiki njiani, akiugua ghafla, akikutwa kwenye msako unaomtafuta mhalifu mwingine kabisa, hana karatasi ya kumtetea, na familia iliyo msibani inapata msiba wa pili.

Njia halali ya usiku ule ingekuwa kufika kituoni Horohoro na kueleza jambo kwa ukweli. Bebeni vitambulisho vya NIDA, barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na namba ya simu ya mtu aliye msibani ambaye ofisa anaweza kumpigia. Ombeni Hati ya Dharura ya Safari, ambayo jina lake lenyewe linaeleza imewekwa kwa ajili gani. Siwezi kukuahidi kwamba kila ofisa atakubali usiku uleule. Ninaweza kukuambia kwamba anayekuja mbele na kueleza msiba hutendewa tofauti na anayekutwa kichakani.

Kwa ndugu yako mwenye wasiwasi, ushauri wangu ni kwamba asirudie, na safari ijayo apite kituoni akiwa na hati kamili. Akipata shida akiwa Kenya siku nyingine, iwe ni kupotelewa na pasipoti au jambo kubwa zaidi, Tanzania ina ubalozi mdogo Mombasa. Atoe taarifa polisi kwanza, apewe karatasi ya upotevu, kisha aende huko akiwa na nakala ya pasipoti yake. Ndiyo maana huwaomba watu waache nakala moja nyumbani na kuweka picha yake katika simu.

Nina ombi la mwisho kwenu ninyi wa Duga, Moa, Jasini na vijiji vyote ambavyo nusu ya ukoo iko upande wa pili. Katika vikao vyenu vya familia, pale mnapochangia sanda na mbao, changieni pia pasipoti. Anzeni na watu wawili katika kila mji, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ili simu ya usiku ikija pawepo mtu wa kusimama kaburini na mtu wa kukaa ndani na wafiwa.